Dau fu fa: kuipika bila kuivunja, na kuizunguka Sham Shui Po kwa miguu

Dau fu fa ni tofu laini kupita zote. Ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kidogo tu. Hayakukandamizwa wala kuchujwa maji yake, bali huchotwa kwa vipande vyembamba na kutiwa sukari au shira ya tangawizi. Kwa Kikantoni, "fa" ni ua. Wachina wanaosema Kimandarini huiita douhua, na kaskazini utasikia doufunao, yaani ubongo wa tofu. Huko kaskazini huliwa kwa chumvi, na mchuzi wa soya juu yake. Sichuan wanaitia pilipili. Ubishi wa tamu au chumvi kati ya kusini na kaskazini hauishi, na hapa hatuingii. Tunafuata Hong Kong, upande wa utamu, na ndani ya Hong Kong tunakaa mtaa mmoja: Sham Shui Po, upande wa Kowloon.

Viambato ni vichache mno hata mtu akadhani ni kazi ya dakika kumi. Kinachowashinda wengi ni mkono usiotulia. Kuna dakika moja katika upishi huu ambayo ukishamimina unatakiwa uache mwiko, ufunike, uondoke. Anayekoroga, hata mara mbili tu, hapati dau fu fa. Anapata maziwa yaliyokatika.

Ila kwanza uile, kama safari yako inafika huko.

Kuionja mahali pake

Panda treni ya MTR, njia nyekundu ya Tsuen Wan. Ukitokea Tsim Sha Tsui, Sham Shui Po ni kituo cha tano: Jordan, Yau Ma Tei, Mong Kok, Prince Edward, kisha unashuka. Tokea mlango B2, utaibukia Pei Ho Street. Namba 118 ni Kung Wo, duka la tofu ambalo jina lake linarudi nyuma hadi 1893. Mbele wanauza tofu mbichi, tofu ya kukaanga na maziwa ya soya kwa watu wanaopita na vikapu vyao vya sokoni. Ndani kuna meza chache. Usishangae ukiketishwa na watu usiowajua. Kuchangia meza ni desturi ya mji mzima, na wala hutarajiwi kuanzisha mazungumzo.

Kuagiza ni rahisi. "Yit" ni ya moto, "dung" ni ya baridi. Anza na ya moto, maana baridi huficha makosa ya mpishi. Asante ya kuhudumiwa ni "m goi", na hapo Mswahili ana bahati: ile "m" inasimama peke yake kama ya "mtu" au "mke", sauti inayowapa shida wageni wengi lakini kwetu ipo tangu utotoni.

Juu ya meza kuna sukari ya manjano ya chenga. Nyunyiza nusu kijiko, ule kutoka ukingoni, kisha ongeza. Usichanganye. Sukari inapaswa kuyeyuka taratibu juu ya vipande, ili kijiko kimoja kiwe kitamu na kingine kiwe soya tupu.

Sasa iangalie vizuri, kwa sababu hiki ndicho kipimo utakachorudi nacho jikoni. Uso wake uwe laini kama kioo, bila vishimo. Ukiikata kwa kijiko, ibaki na ukingo mkali. Ikimeguka kama mtindi uliotikiswa, haikuganda sawasawa. Maji kidogo ya rangi ya manjano yatajitokeza pembeni baada ya dakika chache, nayo ni kawaida. Ikija mezani tayari inaogelea, ujue ilichotwa zamani. Mdomoni ulimi uiponde wenyewe, meno yasihitajike, na usisikie mchanga wala unga wa chaki.

Kwa asiyekula nguruwe: dau fu fa yenyewe, ya jasi (madini ya unga yanayogandisha maziwa ya soya) na shira, haina mnyama. Vitu viwili vinahitaji swali. Cha kwanza ni mapishi ya kisasa yanayotumia jelatini badala ya jasi, nayo huweza kuwa ya nguruwe. Cha pili ni tofu zilizoshindiliwa nyama au samaki, kwa sababu kuna maduka yanayochanganya samaki na nguruwe, na mafuta ya kukaangia mara nyingi ni karai moja kwa vyote.

Viambato, na neno refu kuhusu jasi

Kwa bakuli tano au sita: gramu 200 za soya kavu, lita 1.4 ya maji ya kusagia, gramu 5 za jasi ya chakula, gramu 10 za wanga wa mahindi, na mililita 60 za maji baridi ya kuvurugia hivyo viwili. Mizani ndogo ya jikoni ni ya lazima. Kijiko cha chai cha jasi kilichosawazishwa hukaribia gramu 4, lakini unga ukishindiliwa au ukiwa umeshika unyevu kipimo hicho kinakudanganya.

Soya iwe ya msimu wa karibuni, punje za manjano hafifu, ngozi inayong'aa. Soya iliyokaa ghalani mwaka na zaidi hutoa maziwa membamba yenye harufu ya mafuta ya zamani, na hakuna ufundi utakaoiokoa. Usitumie unga wa soya wa uji. Huo mara nyingi umeshakaangwa, na protini iliyopigwa moto mkavu haitoki vizuri kwenye maji.

Jasi ni madini, salfeti ya kalsiamu. Kazi yake ni moja: kalsiamu hushika protini za soya na kuziunganisha kuwa wavu mwembamba unaobeba maji ndani yake. Kwa kuwa jasi huyeyuka kwa shida sana majini, kalsiamu hutoka polepole, na upole huo ndio unaoleta ulaini. Chumvi ya magnesiamu inayotumika kwenye tofu ngumu huenda mbio, ikaacha mabonge. Ndiyo sababu wapishi wa Kikantoni wamebaki na jasi.

Jasi inayofaa ni ile iliyoandikwa kuwa ya chakula. Huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kichina na ya wanaotengeneza bia nyumbani. Ile ya dukani kwa vifaa vya ujenzi, ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu, isiingie jikoni kabisa. Hata ikiwa nyeupe na nzuri, ina gundi na kemikali nyingine, na imechomwa ili igeuke jiwe ikiguswa na maji.

Ukiikosa, ipo glukono delta laktoni, unga mweupe kama sukari laini. Gramu 3 kwa lita moja ya maziwa zinatosha, na wanga hauhitajiki. Hutoa dau fu fa laini mno, karibu ya kuteleza, yenye uchachu wa mbali sana. Iyeyushe dakika ileile ya kumimina, maana ikikaa majini huanza kugeuka asidi kabla ya wakati. Maoni yetu: ni nzuri kwa anayeanza, lakini ladha ya jasi ina uzito ambao hii haina.

Wanga wa mahindi si wa lazima. Unashika maji yasitoke haraka, basi. Wanaojua kugandisha vizuri huuacha. Sisi tunaubakisha kwenye kipimo cha kwanza kwa sababu unasamehe kosa dogo la joto.

Maji nayo yana neno. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, yana kalsiamu na magnesiamu zake mwenyewe. Soya hutoa protini kidogo ndani yake, na maziwa huweza kuanza kukatika sufuriani kabla hujayagusa. Tumia maji ya mvua au ya chupa.

Kuloweka

Osha soya mara tatu, ondoa zilizotoboka na zenye madoa. Loweka kwenye maji ya mara nne ya ujazo wake. Pwani, kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, saa tano au sita zinatosha. Ukilaza usiku kucha asubuhi utakuta povu na harufu ya kuchacha. Kwenye baridi ya nyanda za juu, saa nane hadi kumi. Ukiwa na haraka ya kulala, loweka ndani ya friji saa kumi na mbili, hutakosea.

Kipimo si saa bali punje. Ipasue katikati: nusu mbili ziwe bapa ndani na rangi moja. Ukiona kishimo chenye manjano iliyokolea katikati, bado. Zikiwa tayari, gramu 200 zitakuwa zimefika kama gramu 440 au 450. Mwaga maji ya kulowekea, suuza tena. Kumenya ngozi si lazima. Ukipata subira, maziwa yatakuwa meupe zaidi na harufu ya majani itapungua.

Kusaga na kukamua

Gawa mafungu mawili. Kila fungu liingie kwenye blenda na nusu ya maji, lisagwe dakika mbili kamili. Chukua tone ulisugue kati ya vidole. Ukisikia chenga, endelea nusu dakika. Blenda isiyo na nguvu isagiwe mafungu matatu badala ya kuongezewa maji.

Ukijua kukamua tui la nazi, hatua hii huhitaji kufundishwa. Kifumbu pekee kina matundu makubwa mno kwa soya, kwa hiyo kitandikie kitambaa cha melimeli au pamba nyepesi safi, mimina, pindisha, kamua mpaka machicha yawe makavu mkononi. Tofauti na nazi iko hapa: hakuna tui la pili. Ukirudishia maji kwenye machicha na kukamua tena, unapunguza uzito wa maziwa, na maziwa mepesi hayagandi hata ukiyamwagia jasi gunia zima. Unatakiwa kupata kama lita 1.3.

Machicha usiyatupe. Yana ladha ya karanga mbichi, na yanafaa kwenye chapati, kababu au mandazi, mradi yapikwe vizuri kwanza, kwa sababu bado ni soya mbichi.

Kuchemsha

Chukua sufuria nene yenye ujazo mara mbili ya maziwa yako. Moto wa wastani, mwiko bapa unaokwangua chini muda wote. Maziwa ya soya huungua chini kimyakimya, na harufu ya kuungua ikishaingia haitoki.

Kabla maziwa hayajachemka kweli, povu litapanda ghafla hadi ukingoni. Hilo limewadanganya wengi. Si mchemko, ni saponini za soya zinazotoa povu kwenye nyuzi kama 85 hadi 90. Punguza moto, engua povu, endelea mpaka uone mapovu makubwa yakipasuka kutoka chini. Kuanzia hapo hesabu dakika kumi kwa moto mdogo. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na anayekunywa maziwa yasiyoiva hulipa kwa kichefuchefu na kuhara. Nairobi na Mbeya, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Huko hesabu dakika kumi na tano.

Mwishoni ubaki na lita 1.2 hivi. Ikizidi sana, acha ichemke kidogo zaidi. Chuja mara ya mwisho kwa chujio la chai.

Kumimina, na kuacha

Andaa chombo wakati maziwa yanachemka. Dukani Hong Kong hutumia ndoo za mbao, kwa kuwa mbao hushika joto. Kwa jikoni nyingi za Afrika Mashariki kipo chombo kilicho bora kuliko bakuli lolote: hotipoti ya kuwekea chapati. Ijaze maji ya moto dakika tano, mwaga, ikaushe kabisa.

Vuruga jasi, wanga na maji baridi mililita 60 kwenye kikombe.

Zima moto. Maziwa yashuke hadi nyuzi 85. Bila kipimajoto, lita 1.2 kwenye sufuria iliyo wazi huchukua kama dakika nne. Nyanda za juu, dakika mbili na nusu, maana ulianzia chini. Utando mwembamba ukijitokeza juu, uondoe kwa kijiti; kwa Wachina huo ni chakula kingine kamili.

Sasa mambo yanakwenda kwa sekunde. Koroga kikombe cha jasi tena, kwa nguvu, maana jasi huzama chini ndani ya nusu dakika, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote: mtu anamwaga maji meupe na kuiacha jasi yenyewe kwenye kikombe. Mimina ndani ya hotipoti. Papo hapo, inua sufuria juu kama sentimita 30 na umwage maziwa yote kwa mkupuo mmoja, sekunde tano au sita. Kile kishindo ndicho mwiko wako. Maziwa yanazunguka yenyewe na kubeba jasi kila upande. Ni kazi nzuri ya watu wawili: mmoja na kikombe, mwingine na sufuria.

Mapovu yaliyobaki juu yaengue kwa kijiko ndani ya nusu dakika, kwa mkono mwepesi. Tandaza kitambaa kikavu juu ya chombo, halafu funika. Kitambaa hunywa mvuke, usije ukadondoka na kutoboa uso. Kisha dakika ishirini. Usisogeze, usifunue, usigonge meza. Watoto wapelekwe nje.

Kuchota kuna adabu yake. Kijiko kirefu cha shimo huchimba na kuvunja. Tumia upawa bapa, au hata kisosi chembamba: ingiza kwa ulalo, kata tabaka la juu lenye unene wa sentimita moja, teremshia bakulini, rudia mara nne au tano. Ukianza pembeni na kumaliza tabaka zima kabla ya kushuka, ya chini itabaki nzima hadi bakuli la mwisho.

Imeharibika wapi?

Haikuganda, ni maziwa mazito tu. Kagua mambo matatu kwa mpangilio huu: jasi ilibaki kwenye kikombe, maziwa yalikuwa chini ya nyuzi 75, au maziwa yalikuwa mepesi. Kama ulitumia maziwa ya soya ya boksi, soma karatasi yake. Yanayoganda ni yale yenye soya na maji pekee, protini gramu 3.5 au zaidi kwa mililita 100. Yenye sukari, mafuta na viimarishi hayafai.

Imeganda lakini ina chenga, na maji mengi yametoka. Joto lilizidi, au jasi ilizidi, au ulikoroga. Kwenye nyuzi 95 protini hushikana kwa pupa na kubana maji nje. Hiyo ichuje kwa kitambaa, uikandamize. Una tofu ya kukaanga kwa chakula cha usiku.

Juu imeganda, chini ni maji. Maziwa yalimwagwa polepole, kwa huruma. Mwaga kwa ujasiri.

Inasikika chaki ulimini. Punguza jasi nusu gramu kila mara mpaka chaki isisikike. Usianze kwa kupunguza zaidi ya hapo, kwa sababu kati ya kuzidi na kupungua kuna gramu moja tu.

Harufu ya majani mabichi. Kimeng'enya cha soya huitoa pale punje inaposagwa na kukutana na hewa. Saga kwa maji yanayochemka badala ya baridi, ukiwa na blenda inayovumilia joto na mfuniko ulioachwa upumue, na itapungua sana. Utapoteza uzito kidogo wa maziwa, kwa hiyo punguza maji mililita 100.

Ikibaki, iweke friji, iliwe ndani ya siku mbili. Kuipasha ni kwa mvuke dakika kumi. Ukiichemsha inageuka sifongo.

Shira

Hong Kong hutumia sukari ya vipande vya kahawia. Sukari guru ya kwetu inaishika nafasi hiyo vizuri kabisa, na kwa maoni yetu ina harufu nzuri zaidi. Gramu 150 za sukari guru, mililita 300 za maji, gramu 50 za tangawizi iliyokomaa, iliyopondwa kwa ubapa wa kisu na si kukunwa. Tangawizi changa ina maji mengi na haina ukali. Chemsha tangawizi na maji dakika kumi na tano kwanza, ndipo utie sukari na kupika dakika tano zaidi. Chuja, maana sukari guru huwa na vijiti na mchanga. Shira iwe nyepesi, iteleze kama chai. Ikiwa nzito kama asali itakaa juu ya dau fu fa bila kuingia.

Hiliki? Si ya Hong Kong. Ila Malaysia huitia majani ya pandani, na Ufilipino huila na tembe za sago na shira ya sukari ya kahawia, wakiiita taho. Chakula hiki kimesafiri sana, na kila bandari imekitia mkono wake.

Mtaa wenyewe

Sham Shui Po maana yake ni gati la maji ya kina, jina linalomshangaza anayefika leo, kwa sababu bahari imefukiwa na kusukumwa mbali. Ni miongoni mwa mitaa ya watu wa kipato cha chini Hong Kong, ghorofa zilizobanana, na barabara zilizogawana biashara: kila moja na bidhaa yake, kama mitaa ya Kariakoo. Zimepangwa mraba, kwa hiyo kupotea ni vigumu. Zipe siku moja, isiwe Alhamisi.

Sababu ya Alhamisi ni kaburi. Anza asubuhi kwa kushuka kituo kinachofuata, Cheung Sha Wan, mlango A3, na utembee kama dakika kumi hadi 41 Tonkin Street. Mwaka 1955, wakati wa kusawazisha kilima ili kujenga nyumba za watu, wajenzi walifukua kaburi la matofali la enzi ya Han ya Mashariki, yaani kati ya mwaka 25 na 220 baada ya Kristo. Lina vyumba vinne vilivyopangwa kama msalaba, na ndani yake vilikutwa vyombo 58 vya udongo na shaba. Hauingii ndani, unachungulia kupitia kioo. Kuingia jumba la makumbusho la Lei Cheng Uk ni bure, nalo hufungwa Alhamisi. Masimulizi ya Wachina humpa ugunduzi wa tofu mwana wa mfalme Liu An wa Huainan, wa enzi ya Han ya Magharibi iliyotangulia, karne ya 2 kabla ya Kristo. Ni masimulizi, hayana ushahidi mzito, lakini ni jambo la kupendeza kusimama mbele ya kaburi la Han na dakika kumi na tano baadaye kuwa na bakuli mkononi.

Rudi kwa miguu kuelekea kusini-mashariki hadi Pei Ho Street. Barabara hii asubuhi ni soko: mboga, samaki hai kwenye beseni, tangawizi. Ule bakuli lako hapo, kisha subiri Apliu Street, maana meza zake hujaa baada ya saa sita mchana. Jina hilo linamaanisha mabanda ya bata. Bata hawapo tena. Kuna redio za zamani, tochi, nyaya, vipuri vya simu, vipimo vya umeme. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda kuna unafuu: Hong Kong hutumia volti 220 na plagi ya miguu mitatu bapa kama ya nyumbani, kwa hiyo chaja inaingia ukutani bila adapta. Kagua kila kitu kikiwashwa mbele yako, kwani cha mitumba hakirudi. Betri za akiba ziingie kwenye mkoba wa mkononi, maana mashirika ya ndege hayazipokei kwenye mzigo wa kupakiwa.

Mafundi cherehani waende moja kwa moja Ki Lung Street kwa vitambaa na vifungo, Nam Cheong Street kwa utepe na lesi, na Yu Chau Street kwa shanga. Maduka mengi ni ya jumla. Mengine huuza rejareja ukiomba kwa upole, na mengi hufunga Jumapili. Tai Nan Street ni ya ngozi, na sasa mikahawa ya vijana imeanza kupenya katikati ya mafundi. Fuk Wing Street ni ya vitu vya watoto.

Ukitaka chumvi baada ya tamu, Kweilin Street ina Hop Yik Tai, wanaouza roli za unga wa mchele zilizotiwa mchuzi wa soya, ufuta na mchuzi mtamu. Anayetafuta chakula cha halali atauliza kwenye maduka ya Wapakistani yaliyotawanyika mtaani. Msikiti mkubwa uko Nathan Road, Tsim Sha Tsui.

Kama saa moja kabla ya jua kuzama, panda kaskazini hadi Mei Ho House. Usiku wa Krismasi 1953 moto uliteketeza vibanda vya Shek Kip Mei na kuwaacha zaidi ya watu 50,000 bila makazi. Serikali ikajenga maghorofa ya kuwahamishia, na hili la 1954 limebaki kama kumbukumbu, sasa likiwa hosteli ya vijana yenye makumbusho madogo. Nyuma yake zinaanza ngazi za Garden Hill. Ni mwendo wa dakika kama ishirini, ngazi za saruji zisizolingana, hakuna duka juu. Beba maji na tochi, kwa kuwa utashuka gizani. Kileleni unaona barabara zote ulizopita zikinyooka chini yako, taa zikiwaka moja moja, Pei Ho Street ikiwemo. Ukishuka bila kuchelewa, jaribu bakuli la pili, safari hii "dung", uone kama utagundua makosa ambayo ya moto haikuyaficha.